Sheria ya Kukomesha Bure

Ipo nchi moja ndogo, upande mmoja bahari na upande wa pili mashamba, ambayo jina lake sitalitaja. Msinifikirie vibaya, simwogopi mtu. Ni kwamba jina lenyewe hivi sasa liko mikononi mwa kamati, kamati imeomba kuongezewa muda, na mimi ni raia mtiifu. Hata wimbo wa taifa siku hizi, pakifika mahali pa kulitaja, watu wanaguna kwa heshima wakisubiri taarifa.

Watu wa nchi hiyo wanalima mpunga na muhogo na wanaangua nazi. Wanakula walichovuna, kinachobaki wanapeana, na mtu akiugua wenzake wanamlimia. Mnaliona tatizo? Hamlioni. Wenyewe nao, maskini, hawakuliona mpaka Waziri aliposafiri.

Waziri wa Ukuaji, Mheshimiwa Profesa Ngwali, alialikwa ng'ambo kwenye mkutano wa kuzipanga nchi za dunia kwa utajiri. Zilisomwa kuanzia ya kwanza. Yake ilitajwa jioni, wahudumu wakiwa wameshaanza kukunja vitambaa vya meza, na Profesa aliona haya hata akashindwa kumaliza kuku wake. Akawaendea wataalamu. "Jamani," akawauliza, "mbona kwetu watu wanakula, wanacheka, wanaozesha, halafu mnatuweka huku chini?" Wakamweleza kwa upole kwamba uchumi ni kile kinachouzwa na kununuliwa. Mama akipika kwake, huo si uchumi. Akipika chakula hicho hicho akakiuza stendi, huo ni uchumi. Jirani akija kukuchimbia kaburi la baba yako kwa sababu ni jirani, hapo hakuna kitu. Akikutoza, nchi imekua.

Profesa alirudi na uchungu kifuani. Bungeni alilia machozi ya kweli. "Waheshimiwa, nchi hii si maskini!" alisema. "Nchi hii imefichwa! Na walioificha ni wananchi wenyewe, kwa tabia yao mbaya, tabia sugu, ya kufanyiana mambo bure!" Wabunge wakapiga meza. Kabla ya chai ya saa nne, Sheria ya Kukomesha Bure ilikuwa imepita kwa kauli moja. Mbunge mmoja tu hakuwa ndani, alikuwa msalani, naye alipotoka akasema ndiyo na akaomba iingie kwenye kumbukumbu.

*

Sasa twende Mtondooni, kwa Bi Mize.

Bi Mize ni mjane, mfupi, mwembamba, na ulimi wake haujazoea kukaa ndani. Anaishi na wifi yake Tatu, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mnene asiye na maneno mengi. Wanalima pamoja shamba la mpunga mwisho kabisa wa bonde, pale ambapo bonde linakutana na bahari. Kinachoizuia bahari isiingie kwenye mpunga ni tuta moja la udongo. Walilijenga mababu, na kila mwaka kaa wanalitoboa. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya bamvua kubwa, yale maji yanayojaa kupita kiasi mwezi unapoandama, jirani yao Mcha hupuliza baragumu na Mtondooni nzima hutoka na majembe. Wanaziba matundu, wanashindilia udongo kwa miguu huku wakiimba nyimbo zisizofaa mbele ya wakwe, na Bi Mize na Tatu wanawapikia wote wali wa nazi na samaki. Asubuhi moja tu, kazi imekwisha. Kazi hiyo wanaiita kikoa, na hakuna aliyewahi kuuliza nani anamlipa nani.

Tuta lisipozibwa, chumvi inaingia bondeni, na ardhi iliyokunywa chumvi haioti mpunga kwa miaka mingi. Hilo alilijua Bi Mize, alilijua Mcha, na nadhani hata mbuzi wa Mtondooni walilijua. Shamba lile ndilo lililomlisha Bi Mize tangu aolewe, na hakuwa na jingine.

Mtu wa kuisimamia sheria mpya alifika kwa pikipiki ya serikali. Alikuwa Afisa Ukuaji, Bwana Idarusi, kijana mwenye tai nyekundu na adabu nyingi. Akaitisha mkutano kiwanjani.

"Kuanzia leo," akatangaza, "ni marufuku kumfanyia mwenzako jambo lolote bila kumtoza."

"Hata salamu?" aliuliza Mcha.

Bwana Idarusi akapekua mwongozo wake. "Salamu fupi imesamehewa katika kipindi hiki cha mpito. Salamu ndefu, ile ya kuulizana habari za watoto, mbuzi na mguu unaouma, hiyo ni huduma."

"Na mama akimnyonyesha mwanawe?" aliuliza Bi Mize.

"Suala hilo linafanyiwa kazi."

Watu wakaangua kicheko. Bwana Idarusi hakucheka. Kesho yake akamkamata Tatu akimpa jirani kaa la moto la kuwashia jiko, akamtoza faini papo hapo.

"Kaa la moto!" Bi Mize alipiga ukelele uliosikika mpaka msikitini. "Tangu lini moto ukauzwa, wewe mtoto? Nenda kamuulize mama yako alikuwa anawashia nini jiko alipokuwa anakupikia uji!"

Naye akatozwa, kwa kumpa afisa wa serikali ushauri wa bure.

*

Lakini wanawake wa Mtondooni si watu wa kuchezewa. Tatu akatoa noti moja kuukuu, imechanika pembeni, akamlipa Bi Mize kwa kumsuka. Bi Mize akamlipa nayo jirani aliyemtekea maji. Jirani akamlipa aliyemshikia mtoto, huyo akamlipa aliyemwazima kinu, na jioni noti ikamrudia Tatu, imelowa jasho na inanuka samaki. Asubuhi ikatoka tena. Bwana Idarusi alikuwa nyuma yake kutwa nzima, akiandika kila mkono iliopitia, na tai imemlegea kwa furaha.

Walicheka jamani! Bi Mize mwenyewe alicheka mpaka akajishika mbavu. Kuna siku alimtoza Tatu kwa kumkuna mgongo, akakuta kumbe utozaji nao una utamu wake. Redio ikatangaza kwamba Mtondooni imekua kuliko mji mkuu. Wachumi walikuja na magari marefu kuupiga picha muujiza, wakaomba kuonyeshwa viwanda. Wakaonyeshwa kinu.

Baada ya hapo mambo mawili yalitokea, na Bi Mize aliyaona yote mawili.

La kwanza lilikuwa lori. Kila mwaka wilaya ilikuwa ikiwaletea lori la magogo ya kuegemeza lile tuta. Mwaka ule halikuja. "Lori ni la vijiji maskini," Bwana Idarusi alieleza, akiwapa mkono wa pongezi mmoja mmoja. "Nyinyi mmeshatoka huko." Muuguzi wa zahanati naye akaondoka na sanduku lake la dawa kwa sababu hiyo hiyo, na alipokuwa akipanda gari alipigiwa makofi.

La pili lilikuwa dogo. Siku moja ile noti haikurudi. Ilitoka asubuhi kwa Tatu kama kawaida, ikaonekana mchana kisimani, na jioni haikuwa kwa mtu yeyote. Watu walitazamana. Tangu siku hiyo kila mtu akaanza kutoza kwa kweli, na kile kicheko hakikusikika tena.

*

Bamvua kubwa ilikuwa inakaribia. Mpunga wa Bi Mize ulikuwa umeshaanza kuinama kwa uzito wa masuke, rangi inageuka, siku chache tu ufae kuvunwa. Akaenda kulikagua tuta. Akakuta tundu ambalo mkono wake uliingia mpaka begani, na ndani palikuwa na maji baridi. Hakurudi hata nyumbani kuosha mkono. Alikwenda moja kwa moja kwa Mcha, akamkuta anatia mpini jembe.

"Mcha, puliza baragumu. Tuta limetoboka vibaya."

Mcha akaendelea na mpini wake. "Nikipuliza watakuja, Bi Mize?"

"Kwa nini wasije?"

"Nani anawalipa?"

Alilisema hilo akiwa ameinamisha macho, na Bi Mize alisimama pale na mkono wake wa matope hajui auweke kiunoni au amzabe nao kofi.

"Mcha," alisema, "mimi si ndiye niliyekuwa nikimwosha mama yako alipokuwa hajiwezi?"

"Ndiwe. Sijasahau wala sitasahau. Lakini Bwana Idarusi akitukuta kule bila malipo tunatozwa faini kijiji kizima, na watu wameshachoka na faini. Kamwombe ruhusa. Akikubali, baragumu lile pale ukutani."

Basi akaenda ofisini, chumba kimoja kilichopakwa rangi mpya mbele na kusahauliwa nyuma.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Idarusi.

"Marahaba. Tuta limetoboka, bamvua inakuja. Tupe ruhusa ya kikoa, asubuhi moja tu."

"Mama, nakuelewa sana. Lakini tuta ni miundombinu. Miundombinu inatangaziwa zabuni. Kabla ya zabuni kuna upembuzi yakinifu, na kabla ya upembuzi yakinifu kuna kikao cha wadau."

"Wadau ndio nani?"

"Wote wanaoguswa na tuta. Nyinyi, wilaya, na bahari."

"Bahari?"

"Huwezi kulijadili tuta bila kuishirikisha bahari, mama. Tutaulizwa."

"Bahari inakuja wiki ijayo!" Bi Mize alipiga meza mpaka kalamu zikaruka. "Inakuja wala haingoji kualikwa!"

"Vizuri sana," alisema Bwana Idarusi, akiandika. "Basi huyo mdau ameonyesha utayari."

Jamani, kuna hasira inayomfanya mtu apige kelele, na kuna inayomfanya anyamaze kabisa. Bi Mize alinyamaza. Akatoka nje, akajifunga kanga kiunoni, akapanda juu ya pikipiki ya serikali, akakaa upande, miguu inaning'inia.

"Mama, shuka. Hiyo ni mali ya umma."

"Umma ndio huu umekaa."

"Mama, tafadhali."

"Sishuki. Piga simu kwa hao wakubwa zako waambie kuna mwanamke amekaa juu ya pikipiki na hashuki mpaka tuta lizibwe."

Watu wakajaa. Bwana Idarusi alizunguka pikipiki yake mara kadhaa, akitafuta pa kumshika mwanamke anayelingana na mama yake mzazi, asipapate. Mwisho akapiga simu wilayani. Wilaya ikapiga wizarani, wizara ikampigia Profesa Ngwali, ambaye inasemekana alikuwa kwenye mazoezi ya hotuba. Jua lilikuwa limeshapinda pale Bwana Idarusi aliporudi uso umemng'ara.

"Serikali ni sikivu!" alitangaza. "Mheshimiwa Profesa ameguswa. Amesema kikoa ni hazina ya taifa na anashangaa nani alikikomesha. Kuanzia sasa kuna Mpango wa Taifa wa Kufufua Moyo wa Kusaidiana, na kijiji cha kwanza ni Mtondooni."

Bi Mize alipiga kigelegele akateremka. Tatu akamkumbatia mbele za watu, bure kabisa, na hakuna aliyewatoza.

"Tunaanza kesho?" aliuliza Bi Mize.

"Baada ya semina."

"Semina gani tena?"

"Ya kuwafundisha kusaidiana. Mama, watu hawawezi kukurupuka tu wakaanza kusaidiana bila kujengewa uwezo. Ni mji mkuu, hotelini. Kuna chakula, fulana, kofia na posho."

Aliposema posho, Bi Mize aliona vichwa vya majirani vikiinuka kimoja baada ya kingine.

"Siku gani?"

Bwana Idarusi akaitaja siku. Bi Mize akapiga hesabu ya mwezi kwa vidole, akaipiga tena. Ilikuwa siku ile ile ya bamvua.

"Isogezeni mbele! Au nyuma, popote!"

"Ratiba imeshatiwa saini na Katibu Mkuu. Na kuku wa hoteli wameshachinjwa."

"Basi mimi na wifi yangu hatuendi."

"Nyinyi hamkualikwa, mama," alisema Bwana Idarusi kwa upole wake ule ule. "Nyinyi ni wanufaika. Mnufaika hasaidii, anasaidiwa."

*

Basi la serikali lilifika asubuhi, limepambwa kwa makuti na picha ya Profesa akitabasamu. Majirani walipanda wamevaa nguo za sikukuu. Walikuwa wakimpita Bi Mize upande upande, kila mmoja na salamu yake fupi.

Bi Mize alikuwa amesimama mbele ya basi na jembe begani. "Asubuhi moja tu, jamani," aliwaambia. "Hiyo semina itarudiwa, mnawajua hawa, haitakosa kurudiwa. Maji yanajaa leo alasiri. Nishukieni kidogo tu, tuzibe, mwende kesho."

Mcha alikuwa wa mwisho kupanda. Akashika chuma cha mlango.

"Majina yetu yamekwenda, Bi Mize. Asiyeonekana anafutwa kwenye mpango, na akifutwa hata tuta halitasaidiwa." Akajikuna shingo. "Na posho, sitakuficha. Paa langu limeoza, nataka bati."

"Paa lako nilishiriki kuliezeka mimi, Mcha. Nilikukandikia mpaka ukuta."

"Ndiyo maana nasema sitakuficha."

Akapanda. Dereva akapiga honi kwa heshima mara mbili, na Bi Mize akasogea kando.

Wakabaki wanawake wawili na tuta lao. Walichimba, walibeba, walijaza viroba mchanga. Matundu yalikuwa mengi kuliko walivyodhani, maana mwaka ule kaa walikuwa ndio pekee waliofanya kazi bure Mtondooni. Baada ya adhuhuri maji yakaanza kupanda. Waliziba kwa makuti, waliziba kwa mikeka, wakaenda wakabeba godoro la Tatu na mlango wa jikoni. Lile tundu kubwa lilipokataa kila kitu, Tatu alikaa chini akaliziba kwa mgongo wake.

"Usiondoke hapo, wifi," alisema Bi Mize akihema.

"Niondoke niende wapi?" alijibu Tatu, maji yanamchuruzika mabegani.

Bahari ikaja taratibu, bila kelele. Ikafika ukingoni mwa tuta, ikatulia, na Bi Mize kwa muda kidogo akaamini imeridhika. Halafu tuta likakatika upande wa pili kabisa, mahali ambapo hawakuwa wamefika. Maji yaliingia shambani kwa upana wa nyumba. Masuke yaliyokuwa yameinama yakainama zaidi, yakalala, yakafunikwa, na samaki wadogo wakaanza kupita katikati ya mashina. Bi Mize alilia kwa hasira, si kwa huzuni, huzuni ilikuja baadaye. Alitupa jembe lake baharini, akaitukana bahari, akamtukana Profesa, akamtukana marehemu mumewe kwa kufa mapema, halafu akaingia majini kumtoa Tatu, ambaye bado alikuwa ameketi pale pale ameshikilia tundu lake.

Saa hizo hizo, kama tulivyosimuliwa baadaye, semina ilikuwa imenoga. Mwezeshaji aliwagawa katika makundi akawapa karatasi kubwa na kalamu za rangi, wajadili swali: Kusaidiana ni nini, na changamoto zake ni zipi? Kundi la Mcha lilichora tuta, watu wamejipanga wanashindilia, na pembeni mwanamke mfupi anapika. Wakapata zawadi ya kwanza.

*

Mpunga ulikauka ukawa mweupe, na ardhi ikatoa ganda la chumvi. Si wa Bi Mize tu. Maji yalipita kwake yakapanda bonde zima, kwa Mcha, kwa wote. Waliporudi na vyeti vyao walikuta hakuna la kusaidiana tena. Katika muda mfupi duka likafunguliwa pale kiwanjani, likaanza kuuza mchele uliotoka melini, na Mtondooni nzima ikapanga foleni.

Hapo ndipo uchumi ulipokua sasa! Ile ya noti ilikuwa mchezo wa watoto. Profesa Ngwali alisoma taarifa akaamua lazima aje mwenyewe. Wakamjengea jukwaa juu ya kipande cha tuta kilichosalia, kwa kuwa ndipo palipokuwa na upepo mzuri.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Mwaka jana kijiji hiki kilikuwa kinakula mchele wake chenyewe! Kimyakimya! Taifa halijui, dunia haijui! Nauliza, huo ni uzalendo?"

"Siyo!" walijibu waliokuja naye.

"Leo kila nyumba inanunua! Kuna watu wanailaumu bahari. Mimi nasema mdau huyu ametufanyia katika alasiri moja jambo ambalo mipango mitano ya maendeleo ilishindwa! Namwomba hapa mbele Bi Mize, mama ambaye maisha yake yote, ndugu zangu, maisha yake yote, alikuwa nje ya uchumi."

Bi Mize alipanda. Alikuwa amejiandaa tangu alfajiri. Matusi yake alikuwa ameyapanga vizuri, makubwa mbele, madogo nyuma. Profesa akamvisha nishani, akamsogezea kipaza sauti. "Waeleze wenzako, bibi. Maisha yamebadilikaje?"

Akatazama chini akawaona, watu wake wote, wamevaa fulana za semina zilizoandikwa kifuani Moyo wa Kusaidiana. Wengi walitazama miguu yao. Yale matusi akayaacha.

"Zamani," alisema, "nilikuwa napika sufuria kubwa, watu wote hawa wanakula. Sasa nanunua kibaba, tunakula wawili."

"Ananunua!" Profesa alimshika mkono akauinua juu. "Mmesikia wenyewe! Ananunua!"

"Nataka shamba langu," alisema Bi Mize, lakini bendi ilikuwa imeshaanza, na wimbo ulikuwa umefika mahali pa kuguna.

*

Jioni ile, jua bado lipo, Mcha alipiga hodi. Bi Mize alikuwa ameketi chini na ungo, anachagua mchele. Mcha alisimama mlangoni, kofia ya semina ameivua ameikunja mkononi.

"Nimekuja, Bi Mize," alisema. "Tumezungumza na wenzangu. Kesho asubuhi tunataka kwenda kulijenga tuta. Hatutaki chochote. Atutoze faini huyo kijana, potelea mbali."

Bi Mize hakuinua macho. "Tuta la kuzuia nini?"

"Maji."

"Maji yameshaingia, Mcha. Yako ndani. Mkijenga sasa mtayazuia yasitoke."

Mcha akaikunja kofia, akaikunjua. Uani Tatu alikuwa anakohoa, kikohozi kilichompata tangu siku ile, na hapakuwa na muuguzi wa kumpima.

"Siku tatu nzima mlikaa kule," alisema Bi Mize. "Mlifundishwa nini?"

"Kusaidiana," alisema Mcha.

"Basi nisaidie," alisema Bi Mize. "Ukitoka, nirudishie mlango."

Mcha akatoka, akaurudishia taratibu. Bi Mize akausogeza ungo karibu na dirisha penye mwanga, akaendelea kuchagua mawe kwenye mchele wa dukani.